Basari Mnaijua, Polisi Hamuwajui?

Ndugu msomaji, jarida letu hili ni la hadithi na mashairi, najua. Hata mimi nina riwaya yangu chini ya godoro, sura kumi na moja zimekwisha na ya kumi na mbili yanipiga chenga. Lakini leo naomba niiweke kando niseme na waheshimiwa wa jiji letu la Mombasa, kwa maana kuna jambo limenikaa kooni kama mwiba wa tafi, na mwiba hautoki kwa kumeza mate.

Jambo lenyewe ni hili. Waheshimiwa wetu wana mpaka wa ajabu sana. Kukiwa na hundi ya kupigiwa picha, mpaka huo ni mstari wa chaki tu, mtu auruka na viatu vyake. Kukiwa na mama anayeuliza mwanawe amepelekwa wapi na polisi, mpaka ule ule wageuka ukuta wa Fort Jesus, hapiti mtu. Nami nasema mpaka wa namna hiyo si mpaka wa sheria. Ni mpaka wa woga na wa kutafuta kura, na sisi vijana tumeuvumilia kwa sababu tumelishwa basari.

Ngoja nieleze polepole, asije mtu akasema kijana huyu wa Form Four anaropoka mambo asiyoyasoma.

Wazee wa mtaani bado wasema "manispaa", lakini manispaa ilikwisha mwaka 2013. Tangu hapo tuna Kaunti ya Mombasa, na gavana wake, na Bunge la Kaunti lenye MCA wa wadi 30, achilia mbali wale wa kuteuliwa. Kazi zao hazikuandikwa mchangani. Ziko katika Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, ambalo limegawa kazi mafungu mawili: hizi za serikali ya kitaifa, hizi za kaunti. Kwa upande wa elimu, kaunti imepewa chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya ufundi wa nyumbani na vituo vya kulelea watoto. Basi. Shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu viko fungu la taifa. Polisi nao wako fungu la taifa.

Soma tena hapo, mwenzangu. Sekondari ni ya taifa. Polisi ni wa taifa. Vyote viwili viko ng'ambo ya mpaka. Sasa niambie, kwa nini waheshimiwa wakiona sekondari wanavuka mbio, na wakiona polisi wanakumbuka kwamba kuna mpaka?

Tuanze na basari. Mimi basari siitukani. Nimekulia nyumba ambayo fomu ya basari iliwekwa bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa. Najua kazi yake. Waipiga fotokopi, wampelekea mzee wa mtaa asaini, waenda kwa chifu ipigwe muhuri, waambatisha ripoti ya muhula na karatasi ya karo ya shule. Ukiwa yatima, watoa na cheti cha kifo cha mzazi, kana kwamba mtoto angesingizia msiba. Nikiwa kidato cha tatu niliomba katika mfuko mmoja, siutaji, nikapewa shilingi 4,000. Pesa zenyewe zilifika shuleni muhula umekaribia kufungwa, mimi nimeshakaa nyumbani wiki tano. Lakini siku ya kutangazwa! Hema, viti vya kukodi, spika mbili kubwa, na sisi watoto na sare zetu juani tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba, twangoja mkubwa afike atuulize: "Nani amewaletea basari?" Nasi twaitika jina lake kwa pamoja, kama wimbo wa gwaride.

Jina lake! Kana kwamba ameuza ng'ombe wa babake. Pesa ile ni kodi. Ni ya mama muuza viazi karai anayelipa ushuru sokoni kila kukicha, ni ya kijana wa bodaboda anayetia petroli, ni ya mtoto anayetumwa dukani kununua sabuni. Imetoka mifukoni mwetu na kurudi mikononi mwetu, na hapo katikati tukatakiwa tupige makofi.

Na kiasi chenyewe hebu kitazameni. Mwongozo wa wizara uliweka karo ya shule ya kitaifa ya bweni kuwa shilingi 53,554 kwa mwaka. Ukimpa mtoto 4,000, umembakishia 49,554. Huyo hukumsomesha, umemsindikiza hadi getini tu. Kwa nini basi watoto wengi wanagawiwa vipande vipande? Piga hesabu. Watoto 100 wakipewa 4,000 kila mmoja, hizo ni laki nne. Laki nne hizo hizo zingewalipia karo kamili ya mwaka mzima watoto saba, na chenji ikabaki. Lakini watoto saba ni nyumba saba, na watoto 100 ni nyumba 100 zenye kura. Sisemi wale 93 watupwe. Nasema mwenye kugawa angetuambia wazi ni kanuni gani aliyotumia, tungejua kama alikuwa akihesabu mahitaji au akihesabu kura.

Mnamo Januari 2025, Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alitoa waraka: kaunti zisitumie pesa kwa basari kama hazina makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa, kwa sababu kazi hiyo si yao. Makubaliano ya aina hiyo Katiba yayaruhusu, kifungu cha 187. Yaani kuvuka si haramu, ila uvuke kwa njia. Mwajua kilichofuata? Magavana walikwenda mahakamani, na mahakama ikausimamisha waraka ule kwa muda. Walisema watoto wataumia. Na ni kweli wangeumia, mimi nilikuwa upande wao siku hiyo. Ila nilijionea jambo: kumbe wakubwa wetu wakilitaka jambo la ng'ambo ya mpaka, mawakili wapo, muda upo, na huruma ipo. Haya, twende kwa polisi tuone kama mawakili hao wapo bado.

Historia ya Mombasa na polisi ni ndefu, siimalizi hapa. Nitataja tukio moja. Tarehe 2 Februari 2014 polisi walivamia Masjid Musa, Majengo, wakakamata watu 129, wakiwemo watoto. Kaunti yetu ilikuwa haijatimiza mwaka mmoja. Mtoto aliyekamatwa siku ile ndiye huyo huyo ambaye angepanga foleni ya basari. Mtoto hana miili miwili, mmoja wa kupewa karo na mmoja wa kupigwa rungu.

Miaka iliyofuata, huku Kisauni na kule Likoni, tukaletewa balaa la makundi ya vijana wa mapanga. Siwatetei. Yeyote aliyewahi kukutana nao magharibi akiwa na simu mkononi hana cha kuwatetea. Lakini dawa tunayoletewa kila mara ni msako. Lori lasimama, na kijana yeyote aliye maskani anapandishwa: mwenye panga, mwenye daftari, na aliyetumwa chumvi. Jirani yetu mmoja, miaka kumi na saba, alichukuliwa hivyo hivyo na sare ya shule bado mwilini. Kituo sikitaji. Katiba, kifungu cha 49, yasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa saa hizo zimeangukia siku isiyo ya kazi. Yeye alilala ndani siku tatu, katikati ya wiki.

Mamake alikwenda kwa mkubwa mmoja wa siasa, ambaye naye simtaji. Ndiye aliyepeana basari wadini mwezi uliotangulia, na picha ya mtoto huyo akipokea bahasha alikuwa nayo kwenye simu yake. Mama hakuomba pesa. Aliomba simu moja tu ipigwe, mwanawe aulizwe ana kosa gani. Akajibiwa: "Mama, polisi si kazi yetu. Hao ni wa serikali kuu."

Kijana alitoka siku ya tatu, hana shtaka lolote. Mtihani wa muhula ulikuwa umekwisha. Basari ililipia kiti darasani, na kiti kikakaa kitupu. Na muhula uliofuata hakurudi, kwa sababu mwalimu alimuuliza mbele ya wenzake alikuwa wapi. Leo yuko kwenye mjengo, akipata siku moja anakosa mbili. Sasa niambieni, waheshimiwa: pesa ile ya kodi mliyomlipia imekwenda wapi? Haikuibwa na mtu. Imepotelea pale pale kwenye mpaka wenu.

Yeye alitoka hai, twashukuru. Muungano wa mashirika ya haki unaoitwa Missing Voices ulihesabu, kwa mwaka 2024 peke yake na kwa nchi nzima, watu 104 waliouawa na polisi na 55 waliotoweshwa. Juni 2025, mwalimu na bloga Albert Ojwang alifia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central, Nairobi. Polisi wakasema alijigonga kichwa ukutani. Daktari aliyepasua maiti akakuta majeraha ambayo mtu hawezi kujitia mwenyewe. Mimi ni mwandishi anayejifunza, nami nawaambia, hadithi kama ile ya ukuta ningemletea mhariri wa jarida hili angenirudishia siku hiyo hiyo. Lakini mwenye bunduki hahitaji mhariri. Husimulia anavyotaka, mpaka atokee mwenye cheo amuulize.

Nani basi wa kumuuliza? Hapo ndipo ninapotaka tukae kitako.

Watasema sheria yawafunga mikono. Sheria ipi? Kifungu cha 41 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, ya mwaka 2011, kimeunda katika kila kaunti chombo kinachoitwa Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti wake ni nani? Ni gavana, au mmoja wa mawaziri wa kaunti atakayeteuliwa na gavana. Humo ndani wamo wakuu wa polisi, wa upelelezi na wa ujasusi katika kaunti. Wamo wajumbe wawili wa kuchaguliwa wanaopendekezwa na Bunge la Kaunti. Na wamo wakaazi wasiopungua sita wanaoteuliwa na gavana, kutoka kwa wafanyabiashara, mashirika ya kijamii, wanawake, watu wenye mahitaji maalumu, watu wa dini, na vijana. Naam, vijana! Sheria imetutaja. Kazi za chombo hicho ni kupendekeza malengo ya kazi ya polisi, kufuatilia mwenendo wa uhalifu, kuangalia matumizi ya pesa za polisi katika kaunti, na kuhakikisha polisi wanawajibika kwa umma.

Chombo hicho hakiwezi kumwamrisha askari amkamate huyu, amwache yule. Na ni vizuri, maana polisi wa kutumwa na mwanasiasa ni balaa jingine. Lakini kina haki ya kuuliza. Vijana wangapi wamekamatwa Kisauni muhula huu? Wangapi wamefikishwa mahakamani? Wangapi wameachwa bila shtaka, na walitoa nini ndipo wakaachwa? Maswali matatu tu. Yakisomwa kwa sauti mbele ya watu kila baada ya miezi mitatu, pamoja na majibu yake, askari atafikiri kwanza kabla hajampandisha lorini mtoto mwenye daftari.

Sasa nawauliza ninyi wasomaji wenzangu wa Mombasa: mmealikwa lini kwenye mkutano wa chombo hicho? Mwamjua kijana anayetuwakilisha humo? Mimi nimehudhuria baraza za chifu, nimehudhuria mikutano ya bajeti, hata uzinduzi wa choo nimehudhuria. Jina la chombo hiki sijalisikia kwenye spika hata siku moja. Hundi ya kadibodi, ile kubwa ya kushikwa na watu wawili, nimeiona mpaka nimeizoea.

Wapo watakaosema, aah, IPOA ipo, kwani wewe wataka nini zaidi? Ipo, kweli. Iliundwa kwa sheria ya 2011, ni huru, ina ofisi hapa hapa Mombasa, na nawahimiza wenzangu waitumie. Lakini IPOA huanza kazi jambo likishatendeka. Wazima moto wana kazi yao, ila hakuna mwenye nyumba anayeacha jiko likiwaka usiku kucha kwa kuwa ana namba yao ya simu. Wa kuuliza mapema, kabla kijana hajapigwa, ni kiongozi aliye karibu, anayejua uchochoro na jina la mama mwenye mtoto. Na huyo ni MCA. Si ndiye aliyelipata jina la mtoto haraka sana alipotaka kumpa bahasha?

Isitoshe, miji yetu ina askari wake yenyewe. Mtu wa kaunti asinitajie serikali kuu hapo, maana askari wa kaunti analipwa na kaunti, anavalishwa na kaunti, anatumwa na kaunti. Katika miji ya Kenya kila mtu ameona jinsi beseni la mchuuzi linavyorushwa kwenye gari. Maembe yale ni karo. Mama akinyang'anywa bidhaa Jumatatu, Jumanne mtoto amefukuzwa shule, na Jumatano apewe fomu ya basari ajaze. Huu ni mchezo gani? Badala ya kumsaidia mama baada ya kumwangusha, si afadhali asiangushwe?

Na msiniambie kwamba jiji haliwezi kutia neno katika lililo la taifa. Bandari ni ya nani? Ni ya taifa. Lakini Agosti 2019 ilipotoka amri kwamba mizigo ya bara ipakiwe reli ya SGR hadi Nairobi, nani alinyamaza? Madereva wa malori, wenye yadi za kontena, makanika, mama wa vibanda vya chakula vya Changamwe na Jomvu, wote waliona sahani inaondolewa mezani. Watu waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Wengine walikwenda mahakamani, na Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamua kwamba amri ile ilikiuka Katiba, na moja ya sababu ni kuwa watu hawakushirikishwa. Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais Ruto alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa. Hakuna aliyesema ngojeni kwanza, bandari si fungu letu. Kilichohitajika ni watu kuona kwamba yanawahusu. Sasa kontena litatetewa, na kijana asitetewe?

Sasa maendeleo, neno ambalo kila mheshimiwa hulitaja kabla ya salamu. Maendeleo kwao ni jiwe lenye jina, utepe na mkasi. Hebu turudi kwenye Jedwali la Nne tuone kaunti imepewa nini iwe yake kabisa, pasipo mpaka wa kuruka. Imepewa taa za barabarani. Imepewa masoko, mitaro ya maji ya mvua, zahanati. Imepewa vyuo vya ufundi. Imepewa maktaba.

Taa za barabarani, mwenzangu! Vijana wa mapanga hawaipendi taa. Taa moja kichochoroni hufanya kazi ya askari wanne, na haiombi chai. Mtoto wa kutwa anayetoka masomo ya jioni angefika nyumbani na begi lake, na mamake asingempigia mkubwa simu. Chuo cha ufundi: kijana aliyekwama kidato cha pili angejifunza kuchomelea, kushona, kutengeneza friji, na maskani ingepungukiwa na watu wa kukamatwa. Na maktaba, hapo mniache niseme kwa uchungu. Sisi tunaoandika humu tumesoma kwa kuazimana. Riwaya moja ya mwalimu wangu ilizunguka nyumba nne, ilipofika kwangu ilikuwa imeng'oka kurasa za mwisho, nikajitungia mwisho wangu. Maktaba ya wadi, chumba kimoja chenye taa na meza, ni mahali pa kusoma kwa mtoto ambaye nyumbani wamelala sita chumba kimoja. Ni basari isiyoisha muhula ukiisha. Lakini haina hundi ya kadibodi, na rafu ya vitabu haiwezi kuitikia jina la mtu.

Mwaona basi? Yaliyo yao wanayaacha. La wenzao lenye shukrani wanalivukia. La wenzao lenye hatari wanalikimbia, hata pale sheria ilipowawekea kiti na kuandika jina la gavana juu yake.

Najua nitaulizwa, kwa nini mwandishi wa hadithi ajitie katika mambo haya? Nitajibu kwa jina moja. Abdilatif Abdalla, mtoto wa Mombasa, alikuwa na umri wa miaka 22 alipoandika kijikaratasi "Kenya: Twendapi?" mwaka 1968. Alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972, na mashairi aliyoyatunga gerezani ndiyo yakawa diwani ya "Sauti ya Dhiki". Sisi leo hatufungwi kwa kuuliza mwenyekiti wa Mamlaka ya Polisi yuko wapi. Swali lenyewe ni rahisi kuliko lile lake. Tukishindwa hata hilo, tukabaki kutunga mapenzi ya ufukweni tu, wasomaji wetu watatuuliza tulikuwa tukiishi mji gani.

Ninachotaka si kikubwa, wala hakihitaji katiba mpya. Kwanza, orodha ya basari ibandikwe ukutani katika kila ofisi ya wadi: kanuni zilizotumika, kiasi kilichotolewa kwa kila shule na siku pesa zilipofika. Majina ya watoto si lazima, masikini ana haki ya kusitiriwa. Na pesa zipelekwe shuleni kimya kimya kabla ya muhula kufunguliwa, bila hema na bila spika. Pili, Mamlaka ya Polisi ya Kaunti ikutane hadharani katika kila kaunti ndogo, zote sita, na yale maswali matatu yajibiwe kwa hesabu. Kijana aliyemo humo ajulikane kwa sura. Tatu, kila mwaka tusomewe taa ngapi, maktaba ngapi na karakana ngapi za vyuo vya ufundi zimeingia kwenye bajeti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 yataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, na makadirio yawe yamefika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili. Yaani siku ya kuuliza twaijua.

Na hapa nina neno na ninyi vijana wenzangu, msidhani mmepona. Mkutano wa basari mwajaa mpaka miti yapandwa. Mkutano wa bajeti twafika wachache mpaka twahesabiana, na waliofika wengine wamefuata soda. Waheshimiwa si wajinga. Wanafanya kile tunachokishangilia, na wanaliacha lile ambalo hatuliulizi. Tukiwaitikia majina yao kwa bahasha ya elfu nne, hiyo ndiyo bei tuliyojiwekea. Safari nyingine wakija na hema wakauliza, "Nani amewaletea basari?", jibuni kwa pamoja, kwa heshima na kwa sauti: "Ni kodi ya mama zetu!" Kisha mmoja wenu asimame aulize Mamlaka ya Polisi inakutana lini.

Nanyi waheshimiwa, siwaombi mwache basari. Wadogo zangu wawili bado wako shule, nao wanaihitaji. Nawaomba mchague. Kama Jedwali la Nne ni mpaka mtakatifu, basi rudini upande wenu, mtuwekee taa na maktaba, na sekondari mwaachie wenyewe. Na kama mtoto wa Mombasa ni wenu popote alipo, darasani au seli, basi vukeni pia siku ile ambayo hakuna mpiga picha. Mfuateni kituoni mlivyomfuata shuleni.